Kutegua mabomu Cabo Delgado: Mafunzo ya vifaa na ugavi

Katika pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma, kazi ya mtegua mabomu huanza mbali na bomu lenyewe: huanza ghalani, katika orodha ya vipuri na kwenye barabara ya kumfikisha. Vita viwili vilivyopiganwa katika jimbo hilo vimeonyesha kwamba kifaa bora ni kile kinachofika kwa wakati na kinachoweza kutengenezwa papo hapo.

Vita vya jana na vya leo

Vita vya ukombozi vilianza Septemba 25, 1964, kwa shambulio la FRELIMO huko Chai, wilayani Macomia. Mabomu ya ardhini yalivushwa Mto Ruvuma kutoka Tanzania, yakibebwa na wapiganaji na raia, wanawake kwa wanaume. Jeshi la Ureno lilijibu kwa zana sahili. Askari walitangulia msafara wakidunga udongo kwa fimbo zenye ncha ya chuma, na nyuma yao likafuata lori lililosheheni mifuko ya mchanga, ili mlipuko ulikute hilo kabla ya mengine. Msafara mzima ulikwenda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Barabara nyingine zilitiwa lami, kwani ni vigumu kuichimba lami bila kuacha alama.

Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 1992, Msumbiji ilisafishwa hatua kwa hatua. Shirika la HALO Trust pekee liliharibu mabomu zaidi ya 171,000, na Septemba 17, 2015 nchi ikatangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini. Miaka miwili baadaye, Oktoba 5, 2017, shambulio la Mocímboa da Praia lilifungua vita vipya. Julai 2021 waliwasili wanajeshi wa Rwanda, pamoja na ujumbe wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, uliohitimisha kazi yake Julai 2024. Safari hii hatari ya barabarani ni vilipuzi vilivyotengenezwa kienyeji.

Barabara kwanza

Kati ya Mocímboa da Praia na Palma ni kiasi cha kilomita 80, na njia hiyo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo. Mvua za kati ya Desemba na Aprili huigeuza tope, na mito inapofurika hukata njia ya kusini kuelekea Pemba. Magari ya deraya aina ya Casspir, yaliyoletwa na Afrika Kusini, yana tumbo la umbo la herufi V linalotawanya mlipuko pembeni. Hata hivyo gari la karibu tani 11 huhitaji barabara inayolibeba, mafuta mengi na vipuri vinavyotoka mbali. Kwa sababu hiyo, vipuri na mafuta hulazimika kusogezwa mapema, kabla ya masika, kwa bahari au kwa ndege.

Udongo, joto na umeme

Udongo mwekundu wenye madini ya chuma hukifanya kifaa cha kutambua chuma kilie pasipo na bomu, na kila mlio lazima uchunguzwe. Panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO mjini Morogoro hawasumbuliwi na udongo huo, kwa kuwa hunusa baruti. Walitumika Msumbiji kusafisha mashamba, lakini kazi yao ni ya utulivu na haiendani na msafara wa kijeshi.

Vazi la kujikinga na mlipuko lina uzito wa zaidi ya kilo 30, na katika joto la pwani mvaaji hulitumia kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo kikosi huhitaji mafundi wa kupokezana na maji ya kutosha. Mtambo wa kuvuruga mawimbi ya redio huzuia bomu linalolipuliwa kwa simu, lakini haumzuii bomu linalongojea uzito wa gurudumu. Roboti nayo hutegemea betri, na betri hutegemea jenereta. Ndiyo maana kulabu na kamba ndefu, za kuvuta kitu kutoka mbali, hazikosekani katika sanduku la fundi.

Ghala na tabibu

Baruti za kuharibia mabomu hazisafirishwi wala kuhifadhiwa pamoja na viwashio vyake. Maana yake ni ghala mbili, ulinzi maradufu na nafasi zaidi katika msafara. Tabibu na gari la majeruhi huwa tayari kabla fundi hajalikaribia bomu. Wanapochelewa, kazi husubiri.

Jicho la raia

Mamia ya maelfu ya watu waliyakimbia makazi yao, na wanaporejea huyapitia mashamba na njia ambazo hakuna kikosi kilichozipekua. Mvuvi au mkulima aijuaye njia yake huona upesi udongo uliochimbwa upya au waya uliojitokeza.

Ukiona kitu cha kutilia shaka, usikiguse wala usikirushie jiwe. Simama, waonye walio karibu, rudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe, kisha toa taarifa kwa kiongozi wa mtaa au kituo cha usalama kilicho karibu. Wazuie watoto wasifike mahali hapo hadi mafundi watakapowasili, hata kama barabara itawachelewesha kwa siku kadhaa.