Taasisi ya Malighafi Muhimu (Marekani)

Taasisi ya Malighafi Muhimu ni kituo cha utafiti kinachogharamiwa na Wizara ya Nishati ya Marekani na kuongozwa na Maabara ya Ames, jimboni Iowa. Ilianzishwa mwaka 2013 kwa ahadi ya hadi dola milioni 120 kwa miaka mitano.

Chimbuko. Mwaka 2010 China, iliyokuwa ikizalisha zaidi ya asilimia 90 ya elementi adimu za ardhi duniani, ilipunguza kiasi ilichouza nje. Bei zikapanda sana. Elementi hizo, zikiwemo neodimi na disprosi, hutumika katika sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo.

Tatizo la utenganishaji. Elementi hizo hupatikana zikiwa pamoja, na ioni zake hukaribiana mno kwa ukubwa na tabia za kikemia. Viwandani, myeyusho wa madini katika asidi hukutanishwa na viyeyushi vya kikaboni kwa hatua nyingi mfululizo, kila hatua ikitenganisha kidogo tu. Njia hiyo hula kemikali nyingi na huacha majitaka.

Utafiti. Watafiti hubuni molekuli zinazonasa elementi moja na kuacha nyingine, na mbinu za kurejesha elementi kutoka sumaku chakavu. Wengine huchunguza lanmodulini, protini ya bakteria inayonasa elementi hizo, iliyotangazwa mwaka 2018.

Urithi. Katika miaka ya 1940 mkemia Frank Spedding na wenzake huko Ames walitenganisha elementi hizo kwa ubadilishanaji wa ioni, pia kwa fedha za serikali.