Herufi E na safari ya kwenda hospitali

Mtoto anasimama mita mbili kutoka kwa mwalimu. Mwalimu ameigeuza simu, kioo kinamwelekea mtoto, na ndani yake mna herufi E moja tu, nyeusi, mara imegeukia kushoto, mara meno yake yako juu. Si lazima mtoto ajue kusoma. Ananyoosha mkono kule meno yanakoelekea, na mwalimu anapitisha kidole kwenye kioo kuufuata mkono ule bila kuchungulia. Ufundi uko hapo: mwalimu mwenyewe halijui jibu, basi hawezi kumsaidia mtoto kwa kumwonea huruma. Wala mtoto hawezi kukariri, kama tulivyokariri sisi mistari ya chati ya ukutani tukiwa bado kwenye foleni.

Chati ile ni ya zamani. Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, aliitoa mwaka 1862, na hadi leo madaktari wanaitumia.

Programu ya simu niliyoieleza inaitwa Peek, na chimbuko lake ni Nakuru, Kenya. Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza, alihamia huko mwanzoni mwa miaka ya 2010 kufanya utafiti wa magonjwa ya macho vijijini. Vifaa vya hospitali vilikuwa ghali, vizito, na vilitaka umeme. Vijiji vingi havikuwa na umeme wala barabara ya maana, lakini mtandao wa simu ulifika. Yeye na wenzake wakatengeneza kipimo kinachoingia mfukoni. Walikijaribu kwa watu 300 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba majibu yake yanakaribiana na ya chati za kliniki.

Lakini kwangu mimi, historia yenyewe hasa ilitokea shuleni, kaunti ya Trans Nzoia.

Nikiwa darasa la tano nilikaa dawati moja na rafiki aliyenakili kila kitu kutoka daftari langu. Nikikosea tarakimu, naye alikosea. Alichapwa kwa uvivu mara nyingi, na hakuna aliyemuuliza kama ubao anauona. Nami sikusema, kwa kuwa sikujua.

Ni watoto kama huyo waliotafutwa Trans Nzoia. Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale, na wenzake waligawa shule 50 za huko mafungu mawili, zikiwa na wanafunzi wapatao 21,000. Waliopima ni walimu. Fungu moja lilitumia kadi ya E ya karatasi, na mtoto mwenye tatizo akapewa barua ya rufaa. Fungu la pili lilitumia simu. Huko mzazi alipelekewa picha inayoonyesha jinsi ubao unavyoonekana machoni pa mwanawe, yaani ukungu mtupu, kisha akakumbushwa kwa ujumbe mfupi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa karatasi, watoto 82 kati ya 366 waliopewa rufaa walifika hospitali, asilimia 22. Kwa simu walifika 285 kati ya 531, asilimia 54. Tukiisifu programu kama hii, aghalabu tunasifu kipimo. Mimi nasifu ile picha. Barua ya rufaa huishia chini ya mkoba pamoja na maganda ya penseli, lakini mzazi aliyekwisha kuuona ukungu ule kwa macho yake hawezi tena kusema mtoto ni mvivu.

Hata hivyo, watoto 246 waliopimwa kwa simu hawakufika. Kwa anayeishi mbali na mji, kumpeleka mtoto hospitali ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na kazi ya shamba ya siku nzima inalala. Miwani bado haijanunuliwa.