Somo Patrisi na Msimu wa Matuta

Tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, huangukia ndani ya Kwaresima kila mwaka, bila kukosa. Huko Ireland, ilikofanywa siku ya mapumziko mwaka 1903, waamini walizoea kulegezewa mfungo siku hiyo ili wale nyama huku mtakatifu wao akikumbukwa. Hata hivyo, kuanzia 1927 hadi mapema miaka ya 1960, sheria ya nchi hiyo hiyo iliamuru vilabu vya pombe vifungwe siku ya Patrisi.

Ufipa nako, kusini-magharibi mwa Tanzania, Machi ni mwezi wa jembe. Mvua bado inanyesha, na ulezi wa mwaka jana umepungua ghalani. Watu wako shambani wakitengeneza intumba, yale matuta ya mviringo ambayo ndiyo fahari ya kilimo cha Wafipa. Nyasi hukusanywa zingali mbichi, hufukiwa kwa udongo, zikaachwa zioze. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo wake mweusi husambazwa, na ulezi hupandwa. Ni kazi ya kuvunja mgongo, ndiyo maana mwenye shamba huwaita majirani na kuwaandalia pombe.

Pombe hiyo nayo ina kazi yake. Ulezi hulowekwa, huoteshwa hadi utoe vichipukizi vyeupe, huanikwa juani, kisha husagwa kuwa kimea. Uji ukipoa hutiwa kimea hicho, na baada ya siku kadhaa chungu huanza kutoa povu. Kata huzungushwa kutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo mtu wa Sumbawanga, huko Ufipa, aitwaye Patrisi anayetaka kuadhimisha somo wake kwa chakula cha kwao hana haja ya kuagiza kitu kutoka mbali: ugali wa ulezi, maharage na dagaa wa Ziwa Tanganyika vinamfaa, na Kwaresima haivikatazi.

Nami naona mtakatifu huyu ana undugu zaidi na nchi hii kuliko tunavyodhani. Patrisi alitekwa Uingereza akiwa kijana, akauzwa utumwani Ireland, akatoroka, kisha akarudi kuwahubiria waliomtumikisha. Huku nako, mwaka 1885 wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe walipokabidhiwa Karema, chini ya nyanda za juu, pwani ya ziwa, walianza kuwapokea watu waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa. Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman, mtoto wa nchi za karibu na Timbuktu, aliyetekwa utotoni, akakombolewa na mapadre hao, akasomea uganga Malta. Alitibu watu Karema hadi alipofariki mwaka 1956.

Mwaka huo huo wa 1885, Buganda, yalianza mauaji ya wale tunaowakumbuka tarehe 3 Juni kama Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Sikukuu yao hukuta Kwaresima imekwisha, mvua zimekatika na ulezi mpya unavunwa. Hapo ndipo vyungu hujaa.