Laptop ya Linux haitoi sauti? Cheki haya kabla ya kumlipa fundi
Kwa mwanafunzi wa MUST, Mbeya au Mkwawa, Iringa, laptop yenye Ubuntu ikigoma kutoa sauti, usikimbilie kubadilisha spika. Mara nyingi ni nzima.

Ingia Settings, kisha Sound. Ikiwa imechaguliwa HDMI, sauti inapelekwa kwenye TV; chagua spika za laptop.

Bado kimya? Fungua terminal, andika alsamixer, bonyeza F6 na uchague kadi ya sauti. Ukiona MM chini ya Master au Speaker, imezimwa: bonyeza M, kisha mshale wa juu. Hapa ndipo wengi hupona.

“Dummy Output” ni kesi nyingine: mfumo haujaiona kadi. Nunua bando, sasisha mfumo wote, halafu zima na uwashe upya.

Ikishindikana, washa laptop kwa Ubuntu iliyo kwenye flashi bila kuinstall. Sauti ikitoka, spika haina tatizo.