Uhuru Ulionuka Samaki

Historia niliyofundishwa kabla sijaacha chuo ilikuwa ya majenerali na mikataba. Sikuwahi kuona swali la mtihani kuhusu chumvi. Siku hizi najisomea kivyangu, na hakuna kilichonikamata kama nước mắm, mchuzi wa samaki wa Vietnam.

Kuutengeneza si siri. Watu wa Phan Thiết huchukua cá cơm, visamaki vya baharini vidogo kama omena, wakavichanganya na chumvi: takriban mafungu matatu ya samaki kwa fungu moja la chumvi. Wanavishindilia ndani ya pipa kubwa la mbao na kuviacha karibu mwaka mzima. Chumvi inazuia kuoza, nyama inayeyuka polepole, na chini ya pipa unachuruzika mchuzi wa kahawia. Harufu yake si mchezo. Lakini kwa maskini, wali na mchuzi huo ni mlo tosha.

Sasa hebu iangalie hiyo robo ya chumvi. Paul Doumer, Gavana Mkuu wa Indochina kati ya 1897 na 1902, aliifanya chumvi kuwa biashara ya serikali ya Wafaransa, pamoja na pombe na kasumba. Mvunaji aliiuzia serikali kwa bei iliyopangwa na serikali, kisha mwenye mapipa akainunua kwa bei ya juu zaidi. Ukoloni ukaingia hadi kwenye sahani.

Mwaka 1906, wasomi wa Phan Thiết waliochochewa na mwanamageuzi Phan Châu Trinh walianzisha kampuni iitwayo Liên Thành. Hawa walikuwa watu wa vitabu, waliolelewa kudharau uchuuzi. Bado wakaamua kuuza nước mắm, na pesa zake zikasaidia shule ya Dục Thanh, iliyofunguliwa 1907. Mwaka 1908 wakulima waliandamana kupinga kodi. Phan akakamatwa na kupelekwa gereza la kisiwa cha Côn Đảo. Mapipa yakaendelea kuchuruzika. Mwaka 1910 shule ikapata mwalimu kijana, Nguyễn Tất Thành. Mwaka uliofuata akapanda meli Saigon kuelekea Ufaransa. Dunia ilikuja kumjua kama Hồ Chí Minh.

Sisemi ati mchuzi ndio ulioleta uhuru. Damu nyingi ilimwagika baadaye. Lakini mwalimu lazima ale, na shule haiendeshwi kwa hotuba. Pesa hiyo ilitoka kwa mvuvi na mshindilia mapipa, na hao bado hawajaingia kwenye mtihani.