Mahabusu na Ardhi ya Umma katika Tawasifu ya Wangari Maathai

Tawasifu ya Wangari Maathai, Unbowed, iliyochapishwa mwaka 2006, kwa kawaida huhesabiwa miongoni mwa maandiko ya harakati za mazingira. Makala haya yanadai kuwa inafaa kusomwa pia kama andiko la mahabusu wa kisiasa, kwani ndani yake ulinzi wa ardhi na uhuru wa raia ni suala moja.

Suala hilo halikuwa wazi tangu mwanzo. Green Belt Movement ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1977, ilijishughulisha na upandaji miti pamoja na wanawake wa vijijini waliokosa kuni na maji. Mgongano na dola ulidhihirika mwaka 1989, Maathai alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Wabunge walimkejeli, na shirika lake likaondolewa katika ofisi za serikali. Hata hivyo, mradi ulikwama.

Januari 1992 alikamatwa kwa tuhuma za kueneza uvumi. Anasimulia usiku wa baridi katika mahabusu ya polisi ya Lang'ata, sakafu iliyolowa maji, na maumivu ya viungo yaliyosababisha abebwe hadi mahakamani. Mashtaka yalifutwa Novemba mwaka huohuo.

Simulizi hiyo haikomei kwenye mateso yake mwenyewe. Tarehe 28 Februari 1992, akiwa nje kwa dhamana, aliungana na akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliogoma kula katika bustani ileile. Machi 3 polisi waliwatawanya kwa nguvu, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, kitendo chenye uzito wa laana. Walihamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote na kukaa humo takribani mwaka mzima, hadi wengi wa watoto wao walipoachiliwa. Ardhi iliyonusurika kujengwa ndiyo iliyowapa raia mahali pa kudai haki.

Kama chanzo cha historia, tawasifu hii ina mipaka. Iliandikwa baada ya mwandishi kutunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, hivyo inayatazama mapambano kutoka upande wa ushindi. Inapaswa kulinganishwa na majalada ya mahakama, magazeti na masimulizi ya akina mama wenyewe.

Kwa watafiti wa Dar es Salaam, ambako maeneo ya wazi ya Kinondoni na Temeke yamekuwa yakivamiwa kwa ujenzi, andiko hili linaonesha kuwa historia ya kiwanja cha umma ni sehemu ya historia ya siasa.