Usiku wa Laura Keene

Bango la Ford's Theatre mjini Washington, la Ijumaa Kuu tarehe 14 Aprili 1865, lilitangaza jina la mwanamke kwa herufi kubwa: Laura Keene. Lilimpa sifa tatu, na mpangilio wake unasema mengi: meneja kwanza, kisha mwandishi, mwigizaji mwisho.

Usiku ule ulikuwa wa kumtunza. Katika majumba ya maonyesho ya Uingereza na Marekani karne ya 19, mwigizaji mwenye jina hakutegemea mshahara tu. Alipatana na wenye jumba apewe usiku mmoja ambao mapato ya mlangoni, yote au sehemu yake, baada ya kutoa gharama, yangekuwa yake. Mara nyingi alichagua mchezo mwenyewe, na wengine walizunguka kuuza tiketi. Ulikuwa mtihani wa hadharani: viti vikijaa, unapendwa, vikibaki vitupu, mji mzima umeona. Na Ijumaa Kuu watu hawaendi sana kwenye vichekesho.

Keene alichagua kichekesho cha Tom Taylor, "Our American Cousin", naye alikuwa na haki ya kukichagua. Ni yeye aliyekileta jukwaani Marekani, tarehe 15 Oktoba 1858, katika jumba lililobeba jina lake, barabara ya Broadway, New York.

Kufika huko hakukuwa rahisi. Alizaliwa Uingereza mwaka 1826 kwa jina la Mary Frances Moss, akaolewa, mumewe akapatikana na hatia na kusafirishwa Australia kama mfungwa. Akabaki na mabinti wawili. Akaingia jukwaani kwa jina jipya, na mabinti wale akawatambulisha kwa watu kama wapwa zake. London alifanya kazi katika kundi la Madame Vestris, mwanamke aliyekwisha kuendesha jumba lake mwenyewe tangu 1831, na sidhani alitoka pale na ujuzi wa kuigiza peke yake. Mwaka 1852 akavuka bahari kwenda Marekani.

Mwishoni mwa 1855 akakodi jumba New York. Siku chache kabla ya kufungua, mtu asiyejulikana aliingia akayachanachana kwa kisu mapazia yaliyochorwa mandhari. Onyesho la kwanza likaahirishwa. Mafundi wakashona na kupaka rangi upya, na tarehe 27 Desemba milango ikafunguliwa. Mwaka uliofuata meneja mshindani akamzunguka na kuuchukua mkataba wa pango. Keene akajengewa jumba jingine, likafunguliwa tarehe 18 Novemba 1856, akaliendesha hadi 1863: akiajiri na kufukuza, akishona mavazi, akirekebisha michezo, akiigiza. Waigizaji wake walimwita "Duchess" kwa ukali wake.  

Turudi Washington. Asubuhi ya Ijumaa ile ujumbe ulitoka Ikulu: Rais Abraham Lincoln anataka nafasi. Lilikuwa jambo la neema. Magazeti ya mchana yakatangaza kwamba Rais na Jenerali Grant watahudhuria. Jenerali Lee wa majeshi ya Kusini alikuwa amesalimu amri kwa Grant siku tano tu nyuma, na mji mzima ulitaka kumwona Grant kwa macho. Ndani ya jumba, vyumba viwili vya juu vya watazamaji vikaunganishwa kwa ajili ya Rais kwa kuondoa kizuizi cha katikati, bendera zikatundikwa. Kiti cha mbele kilikuwa dola moja, cha juu kabisa senti 25. Grant hakuja, lakini watu walikuja.

Lincoln alichelewa. Alipoingia, mchezo ulisimama na bendi ikampigia wimbo wa heshima. Kisha Keene, katika nafasi ya Florence Trenchard, akaendelea, kama alivyokwisha kufanya, kwa madai ya bango, zaidi ya mara 1,000.

Saa nne na robo usiku hivi, mwigizaji Harry Hawk alikuwa peke yake jukwaani akitoa maneno yaliyojulikana kuvunja watu mbavu. John Wilkes Booth, mwigizaji aliyeujua mchezo, alingojea kicheko hicho ndipo akampiga Lincoln kwa bastola. Aliruka jukwaani, akakimbilia nyuma, akampita Keene karibu kumgusa. Keene alitokeza mbele ya watu akawasihi watulie. Kisha akapanda na maji hadi chumba cha Rais. Charles Leale, daktari wa miaka 23 aliyefika wa kwanza, alisimulia baadaye kwamba Keene alimwomba ruhusa ya kukipakata kichwa cha Rais, akaketi sakafuni. Kipande cha mkono wa gauni lake, chenye madoa ya damu, kiko mpaka leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Siku chache baadaye, akiwa safarini kwenda Cincinnati kuonyesha mchezo uleule, Keene alikamatwa Harrisburg pamoja na Hawk kuhusiana na mauaji ya Lincoln, kisha wakaachiliwa. Alifariki tarehe 4 Novemba 1873, akiwa na umri wa miaka 47.

Bango la Ijumaa ile lina tangazo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Jumamosi, tarehe 15 Aprili, ingekuwa zamu ya mwigizaji Jennie Gourlay kutunzwa. Onyesho lake halikufanyika, na michezo haikurudi Ford's Theatre hadi mwaka 1968.